Cheti Kwenye Friza ya Eddah

Alhamisi saa tatu asubuhi Damaris alikuwa amepiga pasi kanzu sita za bosi, imebaki moja. Nyumba ilikuwa Al-Rawdah, Jeddah, ya ghorofa tatu, na chumba cha kufulia kilikuwa nyuma ya jikoni, na dirisha moja dogo linalotazama ukuta wa jirani. Alizima pasi, akafuta mikono kwenye aproni, akachuchumaa na kuvuta bahasha chini ya godoro, kwa maana alikofulia ndiko alikolala. Alitaka kuangalia cheti chake, kama alivyofanya kila asubuhi tangu ikama yake ifanywe upya mara ya pili.

Neno "Ujenzi" lilikuwa limeondoka. Jana lilikuwepo, ingawa lilikuwa limekonda. Mahali pake palikaa neno "Nyumbani", kwa wino uleule mweusi, na muhuri wa chuo ulikuwa umelala juu yake vizuri, haujapinda. Neno "Uhandisi" bado lilikuwepo. Cheti sasa kilisema Diploma ya Uhandisi wa Nyumbani.

Hivyo ndivyo vinavyofanya vyeti vinavyosafiri na wenyewe. Ikama ni kadi ndogo tu ya kukuruhusu kuishi na kufanya kazi, lakini ina mstari mmoja unaotaja kazi yako, na ya Damaris ilisema "mfanyakazi wa nyumbani". Cheti kikilala karibu na ikama huisoma, polepole, kisha huifuata. Walioondoka Kenya kabla yake walijua hilo, wakaviacha vyeti vyao kwa mama zao, ndani ya Biblia au chini ya gunia la mahindi. Damaris aliambiwa na wakala abebe original, akabeba original. Alikuwa amekilaminate kabisa pale saiba, duka la kompyuta, ya Bungoma, na kijana wa saiba alimwapia kwamba hapo sasa hata maji hayaingii. Maji kweli hayakuingia.

Alikuwa bado amechuchumaa simu iliponguruma juu ya mashine ya kufua. Ujumbe ulitoka Nairobi. Serikali kuu ilikuwa inatafuta wahandisi wasaidizi wa madaraja, kazi ya kudumu, na yeye, Damaris Nekesa, alikuwa amechaguliwa kwa usaili wa simu Jumanne ya wiki ijayo, saa nne asubuhi. Mwombaji awe tayari kuonyesha cheti chake halisi mbele ya kamera.

Alisoma mara tatu. Kisha akapiga pasi ile kanzu ya saba, kwa sababu bosi alikuwa anaihitaji ya Ijumaa.

Mkataba wake ulikuwa unaisha mwezi wa sita. Akipata kazi, angerudi nyumbani kwa Beverly, mtoto wake wa miaka sita, aliyekuwa anaishi na nyanyake huko Kimilili. Akikosa, angeweka kidole tena kwenye mkataba wa miaka miwili, na Beverly angefika nane. Hesabu ilikuwa ndogo hivyo, na aliifanya kila alipokuwa peke yake, yaani karibu wakati wote.

Beverly alikuwa amesoma ile diploma pamoja naye, kwa namna fulani. Masomo yalikuwa ya jioni, saa kumi na mbili hadi saa tatu, na mtoto alilala kwenye katoni ya sabuni chini ya meza ya kuchorea. Akilia, mwalimu alimpakata huku akiendelea kufundisha jinsi boriti inavyobeba mzigo, na Damaris alichora kwa mkono mmoja mpaka akanyamaza.

Alimpigia mumewe. Zablon alikuwa Riyadh, eneo la maghala la Al-Sulay, akipakia na kupakua makasha. Alikuwa amesomea upimaji wa ardhi.

"Mama Beve, kimefika wapi?" aliuliza.

"Ujenzi imeenda. Uhandisi bado iko."

"Basi fanya haraka. Yangu ikianza hapo kwa jina la kozi, ilimaliza wiki mbili. Saa hii inasema nimefuzu kubeba, daraja la pili."

"Si ulikuwa na daraja la kwanza?"

"Huko kwa kubeba kuna watu wameniweza." Akacheka kidogo. "Sikiza. Kichwa bado kinajua kila kitu. Ni karatasi tu ndiyo haijui. Tafuta yule mama wa friza."

Kila Mkenya wa Jeddah alimjua mama wa friza. Aliitwa Eddah, aliishi Al-Mahjar kwenye chumba kimoja na wenzake watatu, na alikuwa na friza kubwa ya kulala aliyoirithi kutoka kwa duka la kuku lililofungwa. Upande mmoja aliweka kuku. Upande wa pili aliweka vyeti, vimefungwa kwa karatasi ya fedha na kuandikwa majina kwa kalamu ya wino mzito: wauguzi wanne, mhasibu mmoja, fundi wa umeme, mchungaji aliyetawazwa. Malipo yake yalikuwa majani ya chai ya nyumbani. Ya huku, alisema, ni rangi tu.

Damaris hakuwa na ruhusa ya kutoka isipokuwa Ijumaa kwa saa mbili, akipelekwa na dereva. Dereva wa nyumba alikuwa Kevin, mwalimu wa hisabati wa shule ya upili miaka tisa, na Damaris bado alimwita Mwalimu.

"Yangu iliisha zamani," Kevin alisema wakiwa njiani, mkono mmoja kwenye usukani. "Sasa ni leseni safi kabisa. Polisi akinisimamisha namwonyesha shahada, ananipigia saluti."

"Na haikuumi, Mwalimu?"

Kevin alingoja taa igeuke kijani. "Juzi mtoto wa bosi aliniuliza hesabu ya sehemu. Nikamweleza. Akaniuliza, dereva, nani amekufundisha? Nikamwambia barabara."

Eddah alikipokea cheti, akakigeuza mbele na nyuma, akakinusa. Alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya kuuza sokoni.

"Hii bado changa. Ungekuja mwezi jana ningekwambia hata usijali, lakini bado changa. Baridi ikikolea, yale maneno yametoka juzi hurudi. Lakini haiponyi, umesikia mama? Inachelewesha tu. Ukishaitoa una dakika ishirini, na hiyo ni kama kuna AC."

"Dakika ishirini zinatosha."

"Wote husema hivyo," Eddah alisema, akakilaza kati ya mchungaji na kuku wawili.

Siku nne zilizofuata Damaris hakulala vizuri. Alikuwa akiamka kabla ya adhana na kujiuliza maswali ya usaili kwa mdomo bila sauti, akijibu huku anaosha vyombo. Ili mikono iwe na kazi alipanda juu ya paa kuanika nguo hata zilipokuwa chache. Huko juu kulikuwa na tangi la maji la lita elfu nne, na boriti liliyoikalia ilikuwa na ufa. Aliugundua mwezi wa pili. Ulianzia karibu na nguzo na kupanda kwa mshazari, na ufa wa namna hiyo si wa rangi wala plasta. Aliweka alama ya penseli kila ulipofikia, na tarehe kando, kama alivyofundishwa. Alama zilikuwa tano. Alikuwa amemwambia madam, mke wa bosi, mara mbili, na madam alimwambia afagie vizuri chini yake.

Jumanne, Kevin aliwapeleka watoto shule, akapitia Al-Mahjar, akarudi saa nne kasorobo na lile sanduku la barafu la kununulia samaki. Damaris alifungua karatasi ya fedha. Cheti kilikuwa cheupe kwa theluji, na chini ya theluji maneno yalisimama yote: Diploma ya Uhandisi wa Ujenzi, na daraja lake, na jina lake. Alikirudisha juu ya barafu, akaegemeza simu kwenye kopo la sabuni, akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Mashine ilikuwa inazungusha mashuka na haikukubali kuzimwa katikati.

Saa nne kamili walitokea watu watatu nyuma ya meza ndefu. Mwenyekiti aliomba waanze kwa maombi. Maombi yalikuwa marefu, yakagusa familia, taifa na mtandao. Baadaye mtandao ulikatika. Uliporudi, mwenyekiti alijitambulisha upya, akamtambulisha mama wa utumishi na mzee mhandisi, kisha akasoma kanuni za usaili, kanuni kumi na moja. Damaris alisikia barafu ikijigeuza ndani ya sanduku.

"Bibi Damaris," mzee mhandisi alisema hatimaye, "mvua imenyesha, mto umefurika, asubuhi unaitwa kwenye daraja na inasemekana nguzo moja imechimbwa na maji. Unafanya nini kwanza?"

"Nafunga barabara."

"Kabla ya kuangalia?"

"Kabla. Nikishuka chini kuangalia huku malori yanapita, mimi ndiye nitakuwa wa kwanza kupata jibu."

Mzee alicheka, akavua miwani. Aliuliza tena, kuhusu kina cha msingi, kuhusu mawe ya kuzuia maji, kuhusu kalvati ndogo inayoziba, naye akajibu yote, na alipojibu mikono yake ilitulia kabisa magotini. Mzee alimwandikia kitu mwenzake. Mama wa utumishi alitabasamu. Mwenyekiti akaomba radhi, akapokea simu nyingine, akarudi.

"Vizuri sana. Sasa tuonyeshe cheti."

Zilikuwa zimepita dakika thelathini na tano. Damaris alifungua sanduku. Barafu ilikuwa maji, na cheti kilielea. Alikipangusa kwa aproni, akakiinua mbele ya kamera kwa mikono miwili, na wote wanne wakaangalia neno "Ujenzi" likilegea na kuondoka, kisha "Uhandisi" likilifuata, herufi moja moja, bila haraka. Yaliyoingia mahali pao yalikaa sawasawa. Diploma ya Kazi za Nyumbani. Daraja lilibaki lilelile, pamoja na sifa.

"Hicho kimeyeyuka," alisema mwenyekiti.

"Ndiyo, bwana."

"Wiki hii ni cha ngapi?"

"Cha tisa," alisema mama wa utumishi, naye tayari alikuwa anaandika. "Viwili kutoka Doha. Usiwe na wasiwasi, mama. Umepita vizuri sana. Kuna fomu. Inaitwa Fomu ya Vyeti Vilivyogeuka, inatolewa Riyadh, ubalozini, kwenye dirisha moja tu, na lazima iwe halisi. Mwajiri wako ajaze sehemu ya tatu na kutia sahihi. Una siku thelathini."

Mashine ikamaliza kuzungusha, ikalia.

Zablon aliomba ruhusa Al-Sulay, akapewa siku moja, akachukua mbili. Alisimama kwenye foleni iliyozunguka jengo hadi nyuma ya msikiti. Alimsimulia Damaris kwa simu usiku wa pili, sauti imekauka kwa jua. Mbele yake alikuwa mfamasia aliyegeuka mlinzi. Nyuma yake, mlinzi aliyesema hakugeuka, alitoka nyumbani mlinzi, amekuja tu kuulizia.

"Wakamfukuza?"

"Wapi! Walimpa fomu. Walisema afadhali awe nayo."

Alituma bahasha kwa dereva wa basi la Jeddah. Ndani alikuwa ameweka fomu kati ya vipande viwili vya boksi, na kijikaratasi: Usiikunje. Usiilaze karibu na ikama. Usilie juu yake.

Damaris aliiweka juu ya kabati la vikombe, mbali na kila kitu chenye jina lake, akangoja siku ambayo madam yuko katika hali nzuri. Zilipita siku kumi na mbili. Dada yake madam aliolewa, kisha mtoto wa mwisho akashikwa na homa, na Damaris ndiye aliyekesha naye, akimpepea na kumwimbia nyimbo za Beverly, kwa sababu nyingine hakuzijua. Sebuleni ilikuwepo shahada ya madam ya historia, ndani ya fremu ya dhahabu. Madam hakuwahi kuifanyia kazi hata siku moja. Damaris aliipangusa kila Jumamosi, na haikuwahi kubadilika hata nukta.

Siku ya kumi na tatu boriti ililia. Ulikuwa mlio mfupi, kama mtu anayekunja vidole, na vumbi likaanguka kwenye chumba cha watoto. Damaris alipanda mbio. Ufa ulikuwa umepita alama ya tano kwa shubiri moja. Aliteremka, akafunga maji, akafungua bomba la tangi kulimwaga, kisha akawatoa watoto uani na kuwaketisha kwenye mkeka na biskuti. Ndipo akamwita madam.

"Madam, hiyo boriti inakatika karibu na nguzo. Nimepunguza maji. Lazima iwekewe mihimili leo."

"Mafi maji? Hakuna kabisa? Na mimi nina wageni?"

"Mafi maji, madam. Na mhandisi aitwe."

Mhandisi aliitwa. Alikuwa kijana mwenye kofia nyeupe ya kazi na tablet, mwenye adabu, na alitazama boriti kwa muda mrefu.

"Inakatika karibu na nguzo," alisema. "Nani amepunguza maji? Amefanya vizuri. Lazima iwekewe mihimili leo."

Madam aliandika maneno hayo kwenye simu yake ili asiyasahau.

"Na hizi alama za tarehe?" kijana aliuliza. "Nani ameziweka?"

"Ah, huyo ni shaghala, mtumishi wa ndani. Huchorachora."

Kijana alimtazama Damaris, naye Damaris alimtazama. Kisha kijana akanakili zile tarehe tano kwenye ripoti yake, moja baada ya nyingine, kwa uangalifu, na ripoti ikawa nzuri sana.

Jioni ile, watoto wakiwa wamelala salama, mihimili ya chuma ikiwa imesimama juu yao, madam alijiketisha jikoni na kuomba chai. Alikuwa amechoka na alikuwa mwema. Damaris alileta chai, akaleta na fomu.

Madam aliisoma yote. Alikuwa mtu wa kusoma. Kwenye sehemu ya tatu kidole chake kilisimama. *Mwajiri athibitishe: mfanyakazi huyu alikuwa nani kabla ya kufika kwako?*

"Damaris, habibti, hii nitaijazaje?"

"Uandike mhandisi, madam. Nilisoma. Leo umeona."

"Leo nimeona umetuokoa. Allah akulipe." Alimshika mkono, na mkono wake ulikuwa wa joto kweli. "Lakini hii inataka kiapo. Mimi nilikupokea uwanja wa ndege kwa macho yangu. Ulikuwa na sketi ya bluu na begi moja. Ulifika hivi hivi. Nitaapaje kwa kitu ambacho sikukiona?"

"Niliwahi kuwa mahali, madam. Kabla ya uwanja wa ndege."

"Bila shaka," madam alisema kwa upole. "Kila mtu huwa mahali."

Alifikiri, akitafuta la kumsaidia, kisha akachukua kalamu na kujaza kwa mwandiko mzuri: *Alifika hivi hivi. Ana macho makali. Ni mwaminifu, anapenda watoto, anapiga pasi vizuri sana.* Akatia sahihi, akamwita bosi naye akatia, wakagonga muhuri wa kampuni ya bosi ili uwe na uzito zaidi. Damaris alisema asante. Aliosha vikombe. Asubuhi Kevin aliipeleka fomu kwa njia ya haraka, ikafika Nairobi siku ya ishirini na sita.

Jibu lilikuja kwenye simu wiki ya pili ya mwezi wa sita, Damaris akiwa anachambua mchele. Ofisi ilimshukuru kwa kufuata utaratibu. Ilikuwa imelinganisha cheti, ikama na fomu, na ilifurahi kumjulisha kwamba, tofauti na waombaji wengi, nyaraka zake zote zilikubaliana. Kwa sababu hiyo alikuwa amehamishwa kutoka orodha ya wahandisi kwenda orodha ya wahudumu wa usafi, ambayo kwa sasa haikuwa na nafasi. Jina lake lingehifadhiwa. Chini kabisa, kwa mkono, mtu alikuwa ameandika kabla ya barua kupigwa picha: *Ulikuwa sahihi kufunga barabara kwanza.* Ulikuwa mwandiko wa mzee.

Alimaliza kuchambua mchele. Zablon alipopiga alimsomea barua, naye akasema mwakani wanatangaza tena, mwenzake ghalani amesikia, na safari hii wachukue sanduku kubwa zaidi. Damaris alisema ndiyo, na barafu kavu, ile ya kusafirishia ice cream, Eddah anajua inakopatikana. Walizungumza juu ya barafu kavu kwa dakika nyingi.

Jumapili aliweka kidole kwa miaka miwili.

Ijumaa iliyofuata Kevin alimletea kifurushi kutoka kwa msichana aliyekuwa ametua kutoka nyumbani wiki hiyo. Nyanyake Beverly alikuwa ametuma majani ya chai, pakiti sita, ya kumlipa Eddah, na katikati ya pakiti kulikuwa na karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nne. Beverly alikuwa amechora. Kulikuwa na mto wa rangi ya bluu uliotoka nje ya ukurasa, na juu yake daraja lenye nguzo tatu, zote zimefika chini kwenye mwamba kama inavyotakiwa. Juu ya daraja alisimama mwanamke mkubwa kuliko daraja, amevaa kofia ya manjano ya kazi, amenyoosha mkono kuzuia lori. Chini aliandika: MAMA KAZINI.

Damaris aliutazama mchoro akiwa amesimama kati ya pasi na mashine. Ukingo wa ile kofia ya manjano ulikuwa umeanza kulainika, unashuka masikioni kama kitambaa cha kichwa.

Hakungoja Ijumaa nyingine. Alichukua karatasi ya fedha jikoni, akaukunja mchoro ndani yake, akaandika jina la Beverly kwa kalamu ya wino mzito, akaulaza chini kabisa kwenye friza ya madam, nyuma ya mbaazi na samaki wa hamur. Kisha akawasha pasi. Kulikuwa na kanzu saba.

Baada ya muda madam aliingia jikoni kutafuta samaki wa chakula cha mchana. Alifungua friza, akainama, akakiona kile kifurushi kidogo. Alisoma jina. Alikisogeza kando kwa uangalifu, mahali penye baridi zaidi, akatoa samaki, akafunga mlango.

"Yalla, Damaris," alisema. "Wali usichelewe."